Riwaya Tatu Nilizozimaliza Mvua Hizi

Mume wangu ni askari wa polisi, nami ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya elimu ya wilaya, huku kwetu mashariki ya Uganda. Kabla ya kupewa meza na majalada nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na cheti changu cha ualimu kingali ukutani, kioo chake kikiwa kimeingia ukungu kwa sababu ya joto la mabati. Waliopata kukaa katika nyumba zile za mabati za duara watanielewa. Mchana ni tanuri; usiku mvua inaponyesha, hakuna awezaye kusikia neno la mwenzake hata wakikaa kitanda kimoja. Saa kama hizo mtu hana la kufanya ila alale ama asome. Mvua za mwaka huu, tangu Machi hata Mei, mimi nilisoma, nikamaliza riwaya tatu za Kiswahili. Nimeona niwasimulie wenzangu wa kambini, hasa akina mama, maana moja kati ya hizo imenitia mashakani hata leo.

Labda yuko atakayeuliza kwa nini nisome Kiswahili, ilhali nchini mwetu vitabu vya Kiingereza vimejaa. Jibu langu ni fupi. Nilizaliwa kambini, baba yangu akiwa koplo, na wazazi wangu walitoka makabila mawili yasiyosikilizana hata kwa salamu. Kiswahili ndicho walichooania. Huko nje watu wengi bado hukisikia kuwa ni lugha ya kizuizi cha barabarani na ya kuamrishwa kulala chini, na sababu wanazo. Lakini mimi nilibembelezwa kwa lugha hiyo, nikaombwa chumvi na majirani kwa lugha hiyo, na mama yangu alipofariki ndiyo aliyoniusia. Kuikuta ndani ya kitabu, imenyooka na imevaa vizuri, hunipa furaha ambayo Kiingereza hakijapata kunipa.

Tatizo ni kuvipata hivyo vitabu. Cha kwanza nilikikuta papa hapa kambini, hakina jalada wala kurasa nne za mwanzo, kimezunguka nyumba kwa nyumba kama ungo wa kuazima. Ni *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974, chenye mpelelezi wake hodari, Willy Gamba. Sitakaa sana juu yake. Kinasomeka kwa usiku mmoja, na vijana wetu hukipenda kwa sababu ndani yake hakuna mtu anayechoka. Mume wangu alikisoma zamani, akasema jambo moja lililonichekesha: kwamba katika upelelezi wake wote hajamwona huyu Gamba akiandika maelezo ya shahidi hata mmoja, wala akingoja mafuta ya gari. Yeye humpenda zaidi Bwana Msa, yule wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kwa kuwa Bwana Msa hukaa akavuta kiko chake na kuwaacha watu waseme. Basi, nakiacha hapo.

Kitabu cha pili ni *Rosa Mistika*, cha Euphrase Kezilahabi. Niliazimwa na aliyekuwa mkufunzi wangu chuoni, mama wa makamo aliyekitunza tangu ujana wake. Ni chapa ile ya mwaka 1971 ya East African Literature Bureau, shirika lililotuchapishia vitabu nchi zote tatu kabla Jumuiya ya Afrika ya Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Mwandishi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa hili hili letu, akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Botswana, akafariki Januari 2020. Alipokitoa kitabu hiki hakuwa ametimiza hata miaka thelathini, na Tanzania walikizuia kisisomwe mashuleni kwa muda. Mimi ni mtu wa ofisi ya elimu, na najua hofu za watu wa ofisi ya elimu. Lakini nilipokimaliza nilijiuliza ni nani hasa aliyekuwa akikingwa, watoto au wazazi wao.

Lakini sharti kwanza niungame jambo la nyumbani.

Mwezi wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, nilikuwa nafua sweta ya binti yetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na minne. Mfukoni nikakuta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya kijana mmoja wa kambi hii hii. Haikuwa na ubaya. Alisema akimwona binti yangu bombani hupenda siku hiyo isiishe, akamwomba amwandikie kutoka shuleni, na mwisho akamkumbusha amrudishie kalamu yake ya buluu. Ningaliweza kumwita mtoto tukakaa jikoni, nikamwuliza. Nilifundisha watoto miaka sita. Najua namna ya kumwuliza mtoto. Badala yake niliikausha mikono yangu, nikaiweka barua chini ya kofia ya baba yake, mahali ambapo angeiona atakapovaa asubuhi.

Alimchapa kwa mshipi. Sitaeleza zaidi, maana majirani walisikia, na kuta za mabati hazifichi kitu. Mimi nilisimama nje nikichochea moto uliokuwa unawaka vizuri bila kuchochewa. Wiki mbili baadaye binti yetu alipanda gari la shule na sanduku lake, hakumuaga baba yake, na mimi alinipa mkono kama anavyopewa mgeni. Likizo ya Mei ilipofika alituma salamu kwamba atakwenda kwa bibi yake. Akaenda.

Basi fikiri, ndugu msomaji, mimi nimejilaza usiku wa mvua na taa yangu, nafungua kitabu ambacho sijui habari zake, nakuta kijijini Ukerewe msichana Rosa ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, barua ikaangukia mikononi mwa baba yake, Zakaria, na binti akapigwa. Nilikifunga kitabu. Nikasikiliza mvua. Nikakifungua tena, kwa kuwa nilitaka kujua Rosa alifanya nini asubuhi yake.

Alilolifanya ni hili: aliogopa. Alikwenda sekondari ya wasichana akiwa na hofu ya wavulana kiasi cha kuchekwa na wenzake, na hofu ile haikumlinda. Ilipopasuka ilipasuka yote kwa pamoja, naye akaingia katika mambo ambayo msichana aliyezoea kuzungumza na watu angeyapima kwanza. Anafika chuo cha ualimu, nami nilizisoma sura hizo uso ukiwaka, kwa sababu mabweni yale nayajua. Najua wasichana waliofika pale kutoka nyumba za mshipi. Hawakuwa wabaya kuliko sisi. Walikuwa tu hawajui kusema hapana kwa mtu mzima, kwa kuwa nyumbani neno hilo lilikuwa na bei yake.

Nilipoanza kusoma nilijifariji kwa kumtazama Zakaria. Zakaria ni mlevi, mkewe Regina anaona taabu tupu mikononi mwake. Mume wangu hanywi. Mshahara wake huuleta nyumbani, naye huwapenda watoto wake. Hata fimbo yake, kama angeulizwa, angesema ni mapenzi. Kwa hiyo, nikawaza, hiki si kitabu kuhusu nyumba yangu. Faraja hiyo ilidumu kurasa kama kumi. Kisha nikatambua kwamba nimekuwa nikimtazama mtu asiye wangu. Katika kitabu hakuna mama aliyeiweka barua chini ya kofia. Hilo Regina hakulifanya, nimelifanya mimi.

Sisemi kwamba kila jambo katika riwaya hii limenipendeza. Mwandishi ana haraka. Rosa akishaanza kuteleza, matukio yanafuatana mbio mbio kana kwamba yameandikiwa mahakama, na adhabu inazidi kosa. Charles anarudi mwishoni, wanachumbiana, mambo yanaelekea kutengenea, kisha anamkataa kwa sababu si bikira, na Rosa anajiua. Nililia, lakini nililia kwa hasira kidogo. Mbona Charles hakuulizwa alikopita yeye miaka yote hiyo? Nadhani mwandishi mwanamke angempa Rosa njia nyingine, japo nyembamba. Angempa hata shangazi mmoja mwenye akili. Mimi ninao wanafunzi wa zamani waliopita katika matope yale yale na leo ni akina mama wa heshima, mmoja ni muuguzi.

Hata hivyo namsifu kwa jambo moja kubwa. Mwishoni anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama, wala yeye mwandishi hakimbilii kutuambia ni nani mwenye haki. Nilimweleza mkufunzi wangu kwamba sura ile imenikera. Akacheka, akasema ilimkera yeye pia mara ya kwanza, wakati alipokuwa hajazaa.

Riwaya ya tatu ni *Peponi*. Hiki aliniletea mwenzangu wa ofisini aliyekwenda Dar es Salaam kwa semina. Ni kazi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948 aliyehamia Uingereza akiwa kijana. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Yeye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis. Nimesoma tafsiri nyingi za serikali katika kazi yangu, zile ambazo kila sentensi inachechemea. Hii haichechemei. Kuna mahali nilisahau kabisa kwamba maneno haya yalianza kwa lugha nyingine.

Ni habari za Yusufu, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa reli na ana deni. Mfanyabiashara tajiri aitwaye Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumhesabu kuwa ndugu wa ukoo, anafika kama afikavyo siku zote, na safari hii anapoondoka anaondoka na Yusufu. Mtoto anadhani anakwenda matembezi. Akifika pwani, dukani, ndipo Khalil, kijana aliyemtangulia, anapomfumbua macho: huyu si ndugu yako, wewe ni rehani ya deni. Yafuatayo ni miaka ya utumishi, bustani nzuri yenye ukuta, safari ndefu ya biashara kwenda bara iliyojaa magonjwa na hasara, na kwa mbali, sura kwa sura, Wadachi wanakaribia hata wanafika. Sitayamaliza yote. Ila nitamtaja mzee mmoja, Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa aliyeambiwa na wenyewe kwamba amekuwa huru, naye akabaki na jembe lake. Yusufu anamwona kama mjinga. Mzee anamjibu, kwa maana, kwamba uhuru hawakuwa nao wa kumpa. Nilikirudia kipande hicho mara tatu, na sijui bado kama nakubaliana naye. Watu wazima wengi niliowajua kambini walizungumza hivyo hivyo baada ya kustaafu, na mimi niliwadhania wamechoka tu.

Jambo la ajabu ni kwamba mume wangu naye alikisoma. Yeye si msomaji. Hupenda mpira na redio. Lakini aliniona nimeshika kitabu siku nne mfululizo bila kupika kitu cha maana, akakichukua kwenda nacho zamu ya usiku. Akakimaliza kwa zamu tano. Asubuhi ya zamu ya mwisho aliingia, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda na kofia yake kichwani, akaniuliza, "Mama watoto, wewe umeelewa kwa nini kijana yule alikimbia kuwafuata askari?"

Mwisho wa kitabu, kwa asiyeusoma, ni huu. Vita ya mwaka 1914 imekaribia. Afisa wa Kidachi anafika na askari wake Waafrika, wanakamata wanaume kwa nguvu wawe watu wao. Watu wanafunga milango na kujificha, Yusufu miongoni mwao. Askari wanapiga kambi, wanaondoka na mateka wao, wanaacha uchafu wao nyuma, na mbwa wanaula. Yusufu anaitazama safu inavyotokomea. Kisha anasikia milango ya bustani inafungwa nyuma yake kwa komeo, naye anakimbia kuifuata safu ile ile aliyokuwa ameikwepa.

Nikiwa mke wa askari, sura hiyo ilinisumbua kusoma. Sisi tumezoea kuwaona wanaovaa sare wakitoka nyumbani. Hapa unawaona kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, wanavyoonekana na mtu anayeomba wasibishe. Babu yake mume wangu alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Burma mwaka 1944, na katika ukoo wao picha yake na nishani zake hutolewa siku za sherehe. Hakuna aliyepata kueleza alijiunga kwa sababu gani. Inasemwa tu, alijiunga.

Nikamjibu mume wangu kwamba nadhani kijana hakuwa na mahali pengine. Akatikisa kichwa. Akasema, "Alikuwa na duka, alikuwa na chakula, Khalil alimpenda." Ndipo aliponisimulia jambo ambalo miaka kumi na sita ya ndoa hajalisema. Mimi nilijua kwamba aliingia polisi akiwa na miaka kumi na tisa, na kwamba alilelewa na ndugu wa baba yake mwenye duka. Sikujua kwamba alipelekwa pale kwa ahadi ya karo, na karo haikulipwa hata muhula mmoja. Kwamba alipima sukari na chumvi miaka mitano bila ujira, akila vizuri na kulala juu ya magunia. Siku walipokuja kuandikisha vijana kiwanjani, alikuwa anampimia mama mmoja kilo ya mchele. Aliiacha mizani ikiwa bado inacheza, akatoka.

"Sikuaga," akasema. "Mzee yule hakunifanyia ubaya wa kusema ni ubaya. Lakini sikuaga."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha akasema polepole, akiangalia viatu vyake, "Huyu naye hakuaga."

Hatukutajiana jina. Nilimwambia basi kwamba kabla hajalala asome na kitabu kingine, kile chenye karatasi za rangi ya chai, nikamwambia pia ni nani aliyeiweka barua chini ya kofia na kwa nini. Hilo la kwa nini lilinishinda kulieleza vizuri. Nilisema niliogopa. Aliniuliza nilimwogopa nani, yeye au kijana, nikasema sijui. Alikisoma *Rosa Mistika* kwa siku tisa, kwa shida, akikiweka chini na kukirudia, wala hakunipa maoni yake. Aliposikia kimezuiwa shuleni zamani alisema tu, "Wangewapa wazazi."

Mwezi wa Juni ilikuwa siku ya kutembelea watoto shuleni. Kila mwaka naenda mimi. Mwaka huu alivua sare, akavaa shati lake la Jumapili, akabeba mfuko wa karanga za kusaga, sabuni na vitu vingine nilivyomwandikia kwenye karatasi, ambavyo baba hununua kwa aibu, akaenda peke yake. Alirudi magharibi. Nilimwuliza walizungumza nini. Akasema walikaa chini ya mwembe, mtoto alikula karanga, akamweleza habari za somo la jiografia na za mwalimu mpya. Hakusema mengi. Wakati wa kuondoka alimwuliza baba yake swali moja: ile barua iko wapi?

Mimi miezi yote hii nilidhani aliichoma. Kumbe ameitunza katika jalada lake pamoja na barua za vyeo na karatasi za likizo. Nimemwambia tumrudishie mwenyewe atakaporudi Agosti, kama atarudi kwetu na si kwa bibi yake. Hajanijibu, lakini juzi nilimwona ameitoa anaisoma, akaniuliza kama ile kalamu ya buluu ilipata kurudishwa.

*Rosa Mistika* nimekirudisha kwa mwenye nacho. *Peponi* kiko kwa mke wa koplo, nyumba ya nne kutoka bombani, na baada yake kuna watu wawili wanaongoja.